Mzee wa Masasi anayefundisha kuwatambua swala wa kusini: kuongozwa ndani ya Lukwika-Lumesule

Nampa nyota nne kati ya tano, na hiyo moja iliyobaki nitaieleza huko mbele. Ninayemzungumzia ni mzee mmoja wa Masasi, askari wa wanyamapori mstaafu, anayeongoza watu kwenye Pori la Akiba Lukwika-Lumesule. Hana ofisi wala bango. Ana macho na ana subira, na kwa mtu anayetaka kujifunza kuwatambua wanyama wa jamii ya swala mmoja baada ya mwingine, sijaona huku kusini huduma inayomfikia.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, sekondari, wilaya ya Newala. Kila nikifika kwenye mada ya uainishaji wa viumbe, wanafunzi wananitajia pengwini na kangaruu bila shida. Nikiwauliza tofauti ya kuro na tohe, darasa zima linakuwa kimya. Na hawa ni watoto ambao babu zao walikuwa wakiwafukuza wanyama hao kwenye mashamba ya mtama. Linaniuma sana jambo hili. Ndiyo maana mwezi Septemba, kabla korosho hazijaanza kuanguka na kila mtu kuhamia shambani, nilimbembeleza shemeji yangu mwenye Landkruza, nikawachukua wapwa zangu wawili, tukaenda kumtafuta mzee.

Gharama kwa ufupi. Mzee alitutoza shilingi 70,000 kwa siku, kundi zima. Gari na mafuta ni juu yenu. Ada za pori zinalipwa serikalini kwa namba ya malipo na yeye hazigusi kabisa; alitueleza tu utaratibu tukamaliza wenyewe. Mkitaka kushuka na kutembea kwa miguu mnaongezewa askari mwenye bunduki, na msibishane juu ya hilo, kuna tembo mle. Kutoka Masasi hadi Mangaka ni lami. Baada ya hapo ni vumbi kuelekea Mto Ruvuma, na gari dogo lisijaribu. Wakati wa mvua msiende.

Somo lilianza usiku wa kuamkia safari, uani kwenye gesti tuliyofikia. Wapwa zangu walikuwa na kadi ya picha za wanyama waliyonunuliwa Dar es Salaam, karatasi ngumu, rangi safi. Baada ya kuamkiwa na kunywa chai, mzee aliiomba kadi ile, akaiangalia kwa tochi, kisha akaanza kufunika picha kwa kidole gumba. Swala tomi, akafunika. Swala granti, akafunika. Topi na choroa, akafunika. "Hawa ni wa kaskazini, wajukuu zangu. Huku mtakaa mpaka mzeeke, hamtawaona." Kadi yenye rangi zote zile ikabaki na wanyama wachache sana wa kwetu. Na waliokuwa muhimu zaidi, palahala na kongoni wa miombo, hawakuwamo. Akaokota mkaa jikoni akawachora sakafuni.

Kisha akasema neno ambalo ndilo lililonifanya niandike tathmini hii. Picha zote za kadi, alisema, zinamwonyesha mnyama amesimama ubavu, kichwa juu, pembe zinaonekana vizuri. "Huku hakuna atakayekusimamia hivyo. Utamwona anaondoka. Kwa hiyo, mwalimu, nitawafundisha kuanzia nyuma. Pembe ziacheni kwanza."

Anayeijua misitu ya miombo ataelewa mara moja. Serengeti ni uwanja. Mnyama unamwona tangu mbali na una muda wa kumkagua. Lukwika-Lumesule iko wilaya ya Nanyumbu, kati ya mito miwili iliyoipa jina, na kusini yake ni Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, upande wa Hifadhi ya Niassa. Ni nchi ya miti: miombo yenyewe, mininga, mipingo, na katikati yake mbuga ndogondogo za majani marefu. Jicho halifiki mbali. Mnyama anakusikia kabla hujamwona, na wewe unabaki na sekunde chache za mgongo, mkia na mwendo. Halafu majike ya aina nyingi hayana pembe kabisa. Anayetegemea pembe anakosa nusu ya wanyama.

Wa kwanza alikuwa rahisi, na nadhani mzee alimchagua makusudi. Tulifika kwenye maji asubuhi, ukungu bado haujaisha mtoni, wakainuka wanyama wakubwa wa rangi ya kijivu iliyochanganyika na kahawia, manyoya marefu yasiyolala. Wakatupa mgongo. Duara jeupe kabisa likizunguka mkia, kama waliokalia kigoda kilichopakwa chokaa mbichi. Mzee hakutaja jina. Huo ndio utaratibu wake, na nausifu kama mwalimu kwa mwalimu mwenzangu: kwanza anauliza "Umeona nini?", nawe unataja ulichokiona, si unachokidhania. Mpwa wangu mdogo akasema duara. Mkubwa akasema wako karibu na maji. Mimi nikasema mmoja tu ana pembe. Hapo ndipo mzee akasema: "Kuro." Akaongeza kwamba kuro hakai mbali na maji, na kwamba dume pekee ndiye mwenye pembe, ndefu, zenye mapete, zinazopinda mbele kwenye ncha. Magharibi mwa nchi kuro wana kiraka cheupe kizima makalioni badala ya duara. Hilo nilikuwa nikilifahamu vitabuni, lakini kulisikia kutoka kwa mtu aliyewaona wote wawili kwa miaka ya kazi ni kitu kingine.

Swala pala walifuata, kundi la majike na watoto chini ya miti iliyokuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu, yale yanayotangulia mvua. Rangi yao na ya majani ile ile. Bila mzee tungewapita. Kwa nyuma, pala ana mistari mitatu myeusi: mmoja unashuka na mkia, na mmoja kila upande wa makalio. Juu ya kisigino cha mguu wa nyuma ana kishungi cheusi cha manyoya, na chini ya kishungi hicho kuna tezi ya harufu. Kishungi hicho swala wengine hawana. Ukikiona, umemaliza, hata kama kichwa kimejificha. Wakaruka. Tunasoma kwamba pala hufikia mita 3 juu na mita 10 kwenda mbele. Wapwa wangu walipiga makelele mpaka askari akawanyamazisha.

Sasa nifike kwa palahala, ambaye wazee wengi huku humwita mbarapi, kwa sababu ndiye aliyefanya fedha yangu yote irudi.

Mzee alitupeleka mahali palipoungua moto wiki kadhaa nyuma. Majivu bado yalikuwepo, lakini chini yake nyasi mpya zilikuwa zimechomoza, fupi, kijani. Alituambia tuzime gari na tungoje, maana nyasi changa za namna hiyo ndizo zinazowatoa palahala na kongoni msituni. Tukangoja muda mrefu, tukila ming'oko, mizizi ya porini inayoliwa, aliyokuja nayo mfukoni imechemshwa. Kisha wakatoka. Wa mbele walikuwa na rangi ya udongo mwekundu, wenye pembe, na mpwa wangu mkubwa akawa tayari kusema ni mnyama mwingine. Mzee akainua mkono. Nyuma yao likatoka dume.

Sijui niandikeje. Jeusi linalong'aa, tumbo jeupe, uso mweupe wenye mstari mweusi ulioshuka katikati mpaka puani. Pembe zenye mapete zimeinuka, zikapinda kurudi nyuma karibu ziguse mgongo, na kwenye dume zuri zinapita urefu wa mita 1. Shingo nene, manyoya ya shingoni yamesimama. Linatembea huku limekunja shingo, halina haraka. Nilikuwa nimemfundisha mnyama huyu kwa wanafunzi kutoka kwenye kitabu, rangi nyeusi na nyeupe ya fotokopi, na pale nikaelewa kwamba hakuna mtoto wa Newala anayepaswa kumaliza shule bila kumwona.

Mzee akatupa somo polepole. Majike yale mekundu ni palahala pia. Jike ana pembe, ila nyembamba na hazipindi sana, na dume changa huanza na rangi hiyo hiyo ya kahawia kabla ya kuiva kuwa jeusi. Kwa hiyo ukiona kundi jekundu lenye pembe za kurudi nyuma usiharakishe. Angalia tumbo: jeupe, limekatwa wazi na rangi ya ubavu. Angalia uso: mistari. Anayechanganywa naye ni korongo (si yule ndege), ambaye naye ana uso wa nyeusi na nyeupe. Korongo ni mkubwa zaidi, rangi ya kijivu ya mchanga, pembe fupi na nene, na masikio marefu yenye kishungi nchani. Masikio yale, mzee alisema, utayaona hata jioni giza likianza. Akatueleza pia kwamba palahala akibanwa na simba au mbwa mwitu haishii kukimbia tu; anaweza kugeuka, akapiga magoti ya mbele, akafyeka kwa pembe kushoto na kulia. Ndiyo maana hata simba humwendea kwa hadhari.

Kwenye eneo hilo hilo la moto, baadaye, alisimama mnyama juu ya kichuguu. Mabega yamepanda, kiuno kimeshuka, uso mrefu mno. Huyo tulimtaja wenyewe: kongoni. Wa kwetu ni yule wa miombo, rangi ya manjano ya udongo, miguu ya mbele ina mstari mweusi, na pembe fupi zilizopinda mara mbili. Jike na dume wote wana pembe. Ana tabia ya kupanda vichuguu kulinda wenzake, kwa hiyo huyu kwa mara moja unampata ubavu, ametulia, na kadi za picha zinafaa.

Nyumbu hatukuwaona. Mzee hakuahidi, na hilo nalihesabu kwa wema wake, kwa sababu nimewahi kuongozwa kwingine na mtu aliyeahidi kila kitu. Lakini alihakikisha tunajua cha kutafuta. Nyumbu wa kusini ana mstari mweupe unaokatiza juu ya pua, chini ya macho. Wale wa Serengeti tunaowaona kwenye televisheni wakivuka Mto Mara hawana mstari huo, wana ndevu nyeupe. Huyu wa mstari mweupe ni wa huku, Tanzania ya kusini na kaskazini mwa Msumbiji. Nilijisikia fahari, na ningependa watoto wetu waisikie pia.

Mchana, jua kali, ndipo mzee alipotushusha tukatembea na askari kando ya mto, na hapa masikio yakachukua kazi ya macho. Kitu kikabweka kichakani, mara moja, kikali. Wapwa wakadhani ni mbwa wa wavuvi. "Mbawala," mzee akasema. Ndiye pongo: mdogo, anaishi peke yake kwenye vichaka vya mtoni, ana madoa na mistari meupe hafifu ubavuni, na akikimbia hukunja mgongo na kuinua mkia mweupe kwa chini. Tulimwona kwa kipande kipande tu kati ya majani. Mbele kidogo, kwenye majani marefu, kikalia mluzi mwembamba, akachomoka mnyama mwingine karibu miguuni mwetu, mkia mweupe pia, akaenda kwa kuruka ruka. Huyo ni tohe. Wote wawili wana weupe chini ya mkia, wote wanakimbia kutoka karibu. Mzee anawatenganisha kwa mahali na kwa sauti: wa kichakani anabweka, wa majani anapiga mluzi. Tohe hulala chini mpaka umkaribie kabisa ndipo anachomoka. Ukimpata ametulia, tazama chini ya sikio, ana kiraka cheusi kisicho na manyoya. Na dume ana pembe zilizopinda kuelekea mbele.

Majike ya tandala yalitutesa. Jike halina pembe, ni refu, lina masikio makubwa sana na mistari myembamba meupe ikishuka ubavuni. Jike la pongo nalo halina pembe na lina weupe ubavuni. Mzee alitaka tuangalie ukubwa dhidi ya kitu kilichosimama karibu, kichuguu au shina la mti, kwa sababu msituni jicho linadanganywa: pongo aliye karibu anaonekana mkubwa, tandala aliye mbali anaonekana mdogo. Pongo ana madoa, hasa makalioni. Tandala ni mistari, na mkia wake akikimbia huukunja juu kuonyesha weupe. Dume la tandala halikujitokeza. Kwa hilo pembe zingetosha, zimejisokota mara mbili na nusu na zinaweza kufika mita 1 na ziada.

Pofu tuliwasikia kabla ya kuwaona, na sikuamini mpaka mzee aliponishika bega: dume kubwa la pofu likitembea miguu yake hulia ti, ti, ti. Ndiye mkubwa kuliko swala wote wa huku, dume linaweza kufikia kilo 900, lina ngozi inayoning'inia kooni na pembe zilizonyooka zenye msokoto. Ukubwa wote huo, lakini waliposhtuka walipotea katika miti bila kuvunja kijiti.

Wadogo tuliwapitia haraka. Nsya alikatiza njia mara mbili, kichwa chini, akipinda huku na kule. Ana kishungi cha nywele katikati ya kichwa na mstari mweusi puani. Funo, mwekundu, ni wa misitu mizito, mzee alituambia tumtafute siku tukienda Rondo kule Lindi. Mbuzi mawe alitueleza tu: anaishi kwenye miamba na husimama kwa ncha za kwato.

Sasa nyota aliyoikosa. Darubini ni moja, ya mzee mwenyewe, na lenzi yake moja ina mkwaruzo. Watu watano mkigombea darubini moja, mnyama anaondoka wa tatu hajaipata. Kwa huduma ambayo kazi yake yote ni kutazama, hili ni pungufu kubwa, na nilimwambia kwa heshima zote. Alikubali, akasema bei za darubini hazimruhusu. Basi mwenye nayo aende nayo.

La pili, hatoi karatasi yoyote. Kila kitu kimo kichwani mwake. Nilijaza daftari, lakini si kila mgeni anaandika. Mchoro mmoja wa makalio ya aina kumi, wenye mkia na mahali anapopatikana, ungewafaa watu wetu kuliko kadi zote za dukani. Niliomba ruhusa nimchoree, akacheka, akasema nilete kwanza aukague.

La tatu ni dogo lakini liliuma kweli. Hakutuonya kuhusu mavazi. Mbung'o wanapenda rangi ya buluu na nyeusi, na mpwa wangu mdogo alivaa fulana ya buluu. Alirudi mgongo wote umevimba. Vaeni kaki au kijani kilichopauka, mikono mirefu, hata joto likiwa kali.

Ndege hajishughulishi nao. Mpenzi wa ndege atafute mtu mwingine. Na kwa ndugu zetu wa Liwale na Nachingwea, mzee haendi Hifadhi ya Taifa Nyerere, ile iliyotangazwa mwaka 2019. Eneo lake ni Lukwika-Lumesule na Msanjesi tu. Akikubali kazi, mwombeni mambo mawili mapema: mlale Masasi au Mangaka ili somo la usiku lisirukwe, na asubuhi apitishe gari palipoungua kabla jua halijapanda. Simu mpigieni wiki moja kabla. Akienda shamba hapatikani.

Mkuu wangu wa shule amekubali kidato cha pili waende Juni ijayo, mvua zikishakwisha na barabara ikikauka. Mzee ametaka wasizidi kumi na wawili kwa mara moja, na mimi natafuta darubini za kuazima. Mwenye nayo Mtwara, Lindi au Masasi aniandikie hapa chini, tutaitunza na kuirudisha.